Springi za Babu na Datsun ya Safari

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki mbili na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kulikoni. Sijaumwa wala sijafukuzwa kazi. Nilikuwa nyumbani, Makongolosi. Kwa wale ambao jiografia yao inaishia Chalinze: ukifika Mbeya mjini unashika barabara ya kwenda Chunya, unapanda mlima mpaka msitu wa Kawetere huku masikio yakiziba, unashuka upande wa pili kwenye joto, unaipita Chunya yenyewe, halafu unaendelea kama kilomita 39 hivi. Ni nchi ya dhahabu na tumbaku. Siku hizi ni lami. Nilipokuwa mdogo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mtu akisema anakwenda Mbeya alikuwa anaaga kweli.

Sasa nyumbani nilikuta ugomvi. Mjomba wangu ni fundi, gereji yake iko chini ya mwembe, na kazi yake kubwa ni springi: Fuso za mizigo, Noah za abiria, Land Cruiser za watu wa migodini. Pembeni ya mwembe huo kuna Peugeot 404 ya marehemu babu, imekaa pale tangu sijaanza shule. Mtu mmoja wa Dar, mpenzi wa magari ya zamani, alikuwa ameiona kwenye picha akataka kuinunua. Bei walikubaliana. Ila alitoa sharti moja. Springi za nyuma si za asili, ziondolewe. Yeye mwenyewe ataleta jozi mpya kutoka Ufaransa kwa basi, mjomba azifunge, hizo nyingine azitupe. Bila hivyo hanunui.

Mjomba alikasirika kwa neno moja tu: azitupe. Fedha alizihitaji, maana binti yake ana ada ya chuo inayomsubiri. Lakini springi zile alizitengeneza kwa mikono yake mwaka 1983, babu akiwa amesimama pembeni. Akaniuliza mimi, mwandishi wa habari, eti nimsaidie kumjibu mtu huyo kwa maneno ya kisomi. "Muulize," akasema, "asili ni nini?"

Swali hilo nilidhani nitalijibu kwa dakika tano. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya gari jekundu lenye boneti nyeusi: Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971. Nikamweleza kwamba mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan kule Japani, wanaojitolea kufufua magari ya zamani ya kampuni yao katika kituo cha ufundi cha Atsugi, walilifufua gari hilohilo mpaka likatembea tena. Unaona mjomba, nikasema, wenzetu wanajua kurudisha kitu katika asili yake. Mjomba akaisogeza simu karibu na uso, akaikuza picha, akatazama matairi na pengo kati ya tairi na bodi. Halafu akauliza: "Wamemrudishia springi za dukani au za Safari?"

Wadau, hapo ndipo nilipogundua sijui ninachokiongelea. Nimetumia siku zilizobaki za likizo kusoma, na haya ndiyo niliyopata. Kama wewe si mtu wa magari usikimbie, hakuna hesabu ngumu. Ninaposema suspensheni nina maana ya springi, shokapu, bushi na viungo vyote vinavyokaa kati ya tairi na bodi. Springi inabeba uzito na kumeza shimo. Shokapu inaizuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya shimo. Basi.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wazungu wa Kenya waliona hawana haja ya kiwanja cha mbio, maana barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika zenyewe zilikuwa mtihani tosha. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Baadaye yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na zaidi ya kilomita 5,000 zilipita kwenye barabara za kawaida ambazo ng'ombe na mabasi walikuwa wakizitumia saa hiyohiyo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Mengine yalibaki kwenye mito na mitaro.

Na sasa jambo ambalo mimi, mzaliwa wa Mbeya, sikuwahi kufundishwa: tangu 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda. Hata mmoja. Timu kubwa za Ulaya zilikuja na madereva mabingwa na malori ya spea, zikarudi mikono mitupu. Walioshinda ni watu waliokuwa wakiishi hapa. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilikuwa imeshatumika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya walikwishashinda kwa 404 mwaka 1963, wakarudia 1968. Ushindi mara nne ndani ya miaka sita, gari la aina moja. Sasa nimeelewa kwa nini babu alipopata hela ya tumbaku hakutaka kusikia habari ya gari jingine.

Siri ya 404 ilikuwa nini? Watu watakwambia injini. Mjomba alicheka niliposema hivyo. Injini ya 404 ni ya kawaida tu, hata ile ya sindano iliyotumiwa na Shankland haikuwa ya kutisha. Kazi ilikuwa chini. Mbele, 404 ilikuwa na mfumo unaoitwa MacPherson, kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940. Wazo lake ni jepesi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikuja mapema: badala ya kupachika springi hapa, shokapu pale na mikono miwili ya chuma juu na chini, unaviweka vyote kwenye mguu mmoja uliosimama. Shokapu iko ndani ya mguu, springi imeuzunguka, chini kuna mkono mmoja tu. Vitu vichache, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Ford za Uingereza zilianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Zephyr yenye mfumo huo ilishinda Safari mwaka 1955 ikiwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Nyuma, 404 ilikuwa na ekseli nzima juu ya springi za kuzunguka, laini, zenye mwendo mrefu vilevile. Halafu Peugeot walikuwa na tabia moja ya ajabu: walitengeneza shokapu zao wenyewe. Hawakununua kwa mtu.

Laini. Hili neno liwekeni kichwani, tutalirudia.

Wajapani walikuja mwaka 1963. Nissan, ambao huko nje waliuza magari yao kwa jina la Datsun, walileta magari yao Safari mwaka ule wa balaa, na hayakufika mbali. Kampuni nyingine ingekata tamaa. Wao walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, wakiandika kila kilichovunjika. Kule kwao jambo hili lilikuwa kubwa mpaka ikatengenezwa filamu mwaka 1969 juu ya timu yao ya Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Fikirini: vijana wa Tokyo wanakaa gizani kutazama tope la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 watu haohao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akafuata nyuma yao wa pili kwa gari la aina hiyohiyo.

240Z ndilo gari la michezo hasa katika hadithi hii. Milango miwili, boneti ndefu kama pua ya mamba, injini ya silinda sita ya lita 2.4, viti viwili. Limeundwa kwa ajili ya kijana wa California kumpeleka mchumba ufukweni. Ukiliona dukani mwaka 1970 usingesema hili ni gari la kupita Mbulu wakati wa masika. Lakini chini lilikuwa na mfumo wa MacPherson mbele, na nyuma lilikuwa na ndugu yake, mguu wa aina ambayo Colin Chapman wa Lotus aliitumia miaka ya 1950. Kila tairi la nyuma lilipanda na kushuka lenyewe, halimsubiri mwenzake. Kwenye barabara ya makorongo hiyo ni faida kubwa: tairi moja likiingia shimoni, la pili linaendelea kusukuma.

Kwa wale wenye ndoto ya kufufua gari kama hili, kuna kitu kimoja ambacho mafundi wa dunia nzima wanakilaani. Chini ya kila mguu wa nyuma wa 240Z inapita pini moja ndefu, inashikilia mkono wa chini kwa bushi mbili, na katikati inafungwa na kipini kidogo. Miaka ikipita, maji yanaingia, pini inashika kutu mpaka inakuwa kitu kimoja na chuma kilichoizunguka. Haitoki kwa nyundo. Ukiipiga, kichwa chake kinatanuka na unakuwa umejifungia mwenyewe. Watu wanaimwagia mafuta ya kulainisha kutu kwa siku kadhaa, wanaipasha moto, wanaipeleka kwenye mashine ya kusukuma yenye nguvu ya tani kadhaa, na mwisho wengi wanaikata kwa msumeno na kununua mpya. Nilimsomea mjomba habari hii. Akasema, bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Hao hawakupaka grisi." Ndiyo maoni ya Makongolosi kuhusu pini hiyo.

Gari la timu halikuwa lile la dukani. Springi zilikuwa ngumu zaidi, shokapu zenye nguvu zaidi, na tumbo la gari lilivikwa bati la kulinda injini. Shokapu hasa ndiyo iliyokuwa roho. Kazi yake ni kugeuza mchezo wa springi kuwa joto, na kwenye barabara ya mabati ya kilomita mia mbili joto hilo halina pa kwenda. Oili ndani inachemka, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Gari linaanza kurukaruka kama mpira. Dawa ilikuwa kuweka gesi yenye mgandamizo ndani ya shokapu ili oili isitoe povu, ufundi wa Mfaransa Christian de Carbon ambao Wajerumani wa Bilstein waliusambaza. Mwaka 1972 ndipo wageni, Hannu Mikkola na Gunnar Palm, waliposhinda kwa Ford Escort, na mwaka 1973 Mehta akairudishia Datsun ushindi. Huo wa 1973 ulikuwa wa kunyonyoana: yeye na Harry Källström, naye wa Datsun, walifungana kwa pointi za adhabu, akapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Miaka michache baadaye Safari ikabaki Kenya peke yake na sisi tukasahau kwamba ilikuwa yetu pia.

Sasa rudini kwenye swali la mjomba. Ukilifufua gari la 1971, unalirudishia springi zipi? Ukiliweka kwenye kimo alichokipanga mchoraji wa kiwandani, utapata gari zuri la kijana wa California, na utakuwa umefuta kilichofanya mtu alihifadhi gari hilo badala ya mengine maelfu. Asili ya gari la Safari haikukamilika kiwandani. Ilikamilika baada ya barabara zetu kulivunja mara nyingi na watu kulibadilisha. Watu wa mashindano wanalielewa hili. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanzishwa kuadhimisha miaka 50 ya Safari, na matoleo kadhaa yameingia Tanzania. Porsche 911, Escort na Datsun zinazokuja pale zimeinuliwa juu, zina shokapu ambazo mwaka 1971 hazikuwepo, na hakuna anayesema si za asili. Mwaka 2011 Björn Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali, alishinda akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe akimsomea ramani.

Basi nikamwandalia mjomba hoja. Nikamwambia, mjibu hivi: kama Nissan wanaheshimu springi za Safari, na wewe heshimu springi za Makongolosi. Nilijiona Shaaban Robert. Mjomba akafurahi, akaniambia sasa niandike historia yote ya springi hizo, ili mtu wa Dar ajue anatupa nini. Akakaa kwenye tairi, akaanza.

Babu alilinunua gari mwaka 1972, mtumba, pale Mbeya. Alibeba wakaguzi wa tumbaku, akabeba wagonjwa, akabeba maharusi, na siku za gulio akabeba magunia mpaka mkia ukaburuza chini. Springi ya nyuma ya kushoto ilikatika mwaka 1983. Wenye umri wanajua mwaka huo. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, sabuni ilikuwa bidhaa ya kugombania, na kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kulikuwa kumepigwa marufuku ili kubana mafuta. Spea ya Peugeot ilikuwa kama mwezi. Ilikuwepo Tunduma, upande wa Zambia, lakini hapohapo Serikali ilikuwa imeanza msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na kitu kipya kisicho na risiti alilala ndani. Watu walikuwa wakitupa redio mtoni usiku. Babu alikwenda Tunduma, akaziona springi dukani, akarudi mikono mitupu. Aliogopa.

Mjomba alikuwa na umri wa miaka 19. Akaenda kwenye mabaki ya pikapu moja iliyoachwa porini karibu na machimbo ya zamani, akatoa springi zake, nzito kuliko za Peugeot. Zilikuwa ndefu mno. Akakata duara moja na nusu kwa msumeno wa mkono, siku mbili. Mkato ulibaki umechongoka, haukai vizuri kwenye kikalio chake. Ikabidi ncha ilazwe, na hapa ndipo ufundi ulipo. Akawasha mkaa, akapuliza kwa mvukuto mpaka ncha ikawa nyekundu kama papai bivu, akailaza kwa nyundo, akaizimisha kwenye oili chafu. Chuma cha springi ukikizimisha hivyo kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama kigae. Lazima ukipashe mara ya pili, kwa moto mdogo, ukiache kipoe chenyewe. Mafundi wenye haraka wanairuka hatua hii ya pili, na springi yao inakatika kwenye tuta la kwanza. Mjomba hakuiruka. Alikuwa ameonyeshwa na mzee aliyefanya kazi enzi za mgodi wa Saza, uliofungwa miaka ya 1950. Springi zile zimekaa tangu 1983 bila kukatika. Hilo si jambo dogo, na sijaona anayelihesabu kama historia ya Safari wala ya kitu chochote.

Siku ya tatu sanduku la mtu wa Dar likafika kwa basi. Mjomba akasema tufungue tu tuone, hatujakubali. Tukainua gari, tukaweka magogo, tukatoa springi za zamani. Pini na bolti zilitoka kwa mkono. Zilikuwa na grisi.

Halafu tukaona vikalio vya juu, pale springi inapogusa bodi. Bati lilikuwa limepasuka kama udongo wa kiangazi. Upande wa kushoto ulikuwa na tabaka tatu za kuchomelea, moja juu ya nyingine, na ufa mpya pembeni ya tabaka la mwisho. Mjomba alizijua kuchomelea zote, alizichomelea yeye. Kila mara alilaumu barabara. Nikachukua kalipa tukapima waya. Springi zake zilikuwa nene kuliko za Ufaransa kwa milimita moja tu. Milimita moja ni nini? Ugumu wa springi hupanda kwa unene wa waya mara nne juu yake: ukitoka milimita 12 kwenda 13, ugumu unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Na ukiikata, haipungui ugumu kama wengi wanavyodhani. Inazidi, kwa sababu duara zilizobaki ni chache na kila moja inabeba zaidi. Kwa hiyo alikuwa ameongeza ugumu mara mbili kwa mpigo mmoja.

Springi zisipomeza shimo, bodi ndiyo inayolimeza. Nilikumbuka lile neno, laini. 404 ilishinda Safari kwa sababu ilikuwa laini na yenye mwendo mrefu, na sisi tukaifanya ngumu. Timu ya Datsun nayo iliweka springi ngumu, lakini gari lao lilitakiwa kuishi siku tano, nyuma yake kukiwa na mafundi wenye shokapu mpya. Babu alitaka lake liishi miaka.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Hoja yangu nzuri ya Nissan na Makongolosi ilikuwa imelala pale chini pamoja na vumbi la kutu. Nilitaka kumfariji, nikasema bila springi hizo babu asingetembea kabisa mwaka 1983. "Hilo najua," akasema. "Lakini 1990 spea zilikuwa zimejaa Mbeya. Mbona sikubadilisha?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Alifanya kazi siku nne. Alikata bati lote lililooza kwenye vikalio, akaweka jipya, akachomelea mara moja na vizuri. Akafunga springi za Ufaransa, akashusha gari, akalibonyeza nyuma kwa mikono yote miwili. Likashuka polepole, likarudi. Sikuwahi kuiona ile 404 ikifanya hivyo. Binti yake alikuwa anatazama, naye akalibonyeza.

Kisha akampigia simu mtu wa Dar. Alimwambia springi mpya zimefungwa, ila ana sharti lake: zile za zamani hazitupwi, zinakwenda na gari, ndani ya buti, na karatasi. Karatasi niliiandika mimi, kurasa nne, kuanzia Mbeya 1972 mpaka juzi, pamoja na Tunduma, mvukuto, mara tatu za kuchomelea na nani alikosea wapi. Nilitaka kupunguza sehemu ya makosa, mjomba akakataa. Yule bwana upande wa pili alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa mzee, leta." Bei haikuongezeka hata shilingi.

Fuso la kulibeba gari lilifika Jumamosi asubuhi. Springi za 1983 zilikuwa kwenye gunia, zimefungwa kamba. Tulilisukuma gari juu ya mbao mpaka likapanda, tukalifunga. Dereva akataka kuondoka mapema awahi kupita Kawetere kabla ya ukungu. Mjomba akamwambia asubiri. Akazunguka nyuma ya Fuso, akainama, akatazama springi zake, zile za bapa zilizopangwa jani juu ya jani, akagonga moja baada ya nyingine kwa kifunguo. La tatu likatoa sauti mbaya.

"Zima injini," akasema. "Hili limekatika."